Farasi Mwenye Kadi ya Kliniki

Mkunga wetu hakuwa mtu wa kubisha hodi. Alifika mlangoni, akataja jina la mwenye nyumba mara moja tu, halafu akaingia. Akikukuta mezani aliangalia chakula chako kabla hajaangalia uso wako. "Maharage yako wapi?" angeuliza. Ukimjibu kwamba leo ni ugali na mboga za majani basi, alitikisa kichwa kana kwamba umemtukana mama yake. Nilifanya kazi jirani naye pale Isansa kwa miaka sita, yeye zahanati, mimi ofisi ya kijiji, katikati yetu ukuta mmoja wa matofali mabichi. Sikumbuki hata siku moja aliniuliza habari za nyumbani bila kuniuliza tumekula nini.

Jina lake analo, na wako watu hadi leo wanaolijua. Sisi tulimwita Mkunga, naye akaitika. Hata kanisani, mchungaji alipotangaza zamu za kufagia, alisema, "Jumamosi, Mkunga," na kila mtu akajua ni nani.

Alikuwa na jozi moja ya raba nyeupe. Anayejua matope ya Mbozi mwezi wa pili anajua maana ya kuvaa raba nyeupe kule. Udongo ni mwekundu, unanata, na ukikauka kwenye nguo umeshakuwa sehemu ya nguo. Kila jioni alizifua zile raba, akazipaka chaki aliyoiomba shuleni, akazianika juu ya dirisha la zahanati. Mwalimu mkuu alilalamika kwangu kwamba mgawo wa chaki unakwisha kabla ya muhula. Nilipomfikishia Mkunga malalamiko hayo alisema, "Mwambie watoto anaowafundisha kuandika niliwapokea mimi, na nilikuwa nimevaa raba safi."

Mambo yake mengine hayakulingana. Kila Jumanne aliwahubiria akina mama ubaya wa pombe, na kila Jumamosi alimtuma mtu amletee kibuyu kidogo cha kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, "kwa ajili ya mgongo." Alikuwa amepokea watoto waliotanguliza miguu, amewahi kumbeba mgongoni mwanamke mwenye uchungu akavuka naye mto uliojaa, lakini aliogopa ng'ombe. Akikutana na ng'ombe njiani aliingia kwenye mibuni na kusubiri humo mpaka mnyama apite, huku akijifanya anakagua kahawa. Sote tulijua. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele yake.

Wanaume aliwaona kama wagonjwa wasiojua kwamba wanaumwa. Mwenyekiti wa kijiji, mtu mzima mwenye sauti ya kutosha uwanja mzima, alizoea kuingia zahanati bila kufuata foleni. Siku moja Mkunga alimwacha akae kwenye kiti, akampima, akamtazama kwa huruma kubwa, akamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, mimba bado. Rudi mwezi ujao." Akina mama waliokuwa kwenye benchi walicheka mpaka watoto wakalia. Tangu siku hiyo Mwenyekiti alipanga foleni.

Lakini kulikuwa na neno moja lililomkasirisha kuliko foleni na kuliko ng'ombe: kubemenda. Mtoto aliyekuwa ameanza kutembea akivimba miguu, nywele zikageuka rangi ya kutu, ngozi ikaanza kubambuka na sura ikawa ya kizee, watu walisema amebemendwa. Maana yake ni kwamba baba au mama amevunja mwiko wa kitanda wakati mtoto bado ananyonya, na uchafu wao umemwingia mtoto. Ilikuwa aibu kubwa kuliko wizi. Mtoto wa namna hiyo alifichwa chumba cha ndani, akafungwa mizizi kiunoni, majirani wakaambiwa amekwenda kwa bibi yake. Wengi hawakutoka tena mle chumbani ila kwa kubebwa na wazee wawili wenye majembe.

"Katibu," aliniambia siku moja, amesimama mlangoni pangu na daftari lake, "kwenye kijiji hiki kuna watoto waliopita mikononi mwangu ambao siwaoni tena. Siwezi kumtibu mtoto ambaye sijamwona. Wako wapi?"

Nilimjibu kwamba sijui. Nilikuwa najua mmoja.

Alikuwa wangu. Atupele, mtoto wetu wa kwanza, alizaliwa kwa wazazi wa mke wangu huko milima ya Ileje, kama desturi ya mtoto wa kwanza, kisha tukamleta Isansa akiwa mnene kama gunia la ulezi. Kabla hajafikisha mwaka na nusu mke wangu alipata mimba nyingine, akamwachisha ziwa. Ndani ya miezi mitatu mtoto alinyong'onyea. Mama yangu, aliyekuwa akiishi nasi, alimtazama miguu, akanitazama mimi, akafunga mlango. "Hizo safari zako za mikutano ya wilaya," alisema, "umelala wapi?" Nilikuwa sijalala popote pabaya. Lakini ningemwambia nani? Katibu wa kijiji, kijana wa chama, amembemenda mwanawe! Tulitangaza kwamba Atupele amepelekwa Ileje kwa bibi yake. Watu waliitikia, kwani ndivyo ilivyofanywa kwa mtoto aliyeachishwa. Mkunga aliponiuliza nilimwambia hivyo hivyo, na mke wangu, aliyekuwa akipishana naye kisimani kila asubuhi, alimwambia hivyo hivyo akiinamia ndoo.

Sasa, farasi.

Kabla ya vijiji vya ujamaa, mashamba ya kahawa upande ule yalikuwa ya mlowezi mmoja, na mlowezi huyo alikuwa amewanunulia watoto wake farasi mfupi, farasi wa kuchezea. Si mwana-farasi, alikuwa mtu mzima aliyekomea hapo. Kimo chake hakikufika kiunoni mwangu. Mlowezi alipoondoka alimwacha mikononi mwa mlinzi. Mlinzi akafa. Shamba likawa la kijiji, na farasi, kwa kuwa alikuwa ndani ya shamba, akawa wa kijiji pia. Kitu cha watu wote kilikuwa na bahati mbaya siku zile. Kila aliyepita alidhani aliyetangulia amemlisha. Mtu mmoja alimfunga kwenye banda la zamani la kukobolea kahawa ili asile mahindi ya shamba la ushirikiano, na nadhani mtu huyo alisahau.

Tulipomkumbuka tena alikuwa amelala. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa barabarani. Kwato zilikuwa zimerefuka zikapinda kwenda juu kama pembe za kondoo dume, kwa hiyo hata angetaka kusimama asingeweza. Kamba ya kichwani, aliyovalishwa miaka hiyo kwa kukazwa mno kisha haikuvuliwa kamwe, ilikuwa imekula ngozi ya pua ikaingia ndani ya nyama. Watu walisema ana mkosi wa yule mlinzi. Wengine walisema mlowezi alimroga kabla ya kuondoka ili tusimfaidi. Hakuna aliyetaka kumgusa.

Halmashauri ya kijiji ikakaa. Ajenda ilikuwa mbolea, vyoo, na farasi. Tuliamua kumwita Bwana Nyama, yule ofisa wa wanyamapori mwenye bunduki, aje ampige risasi. Ni mimi niliyeandika uamuzi huo kwenye muhtasari, kwa mwandiko mzuri. Mkunga alikuwa mjumbe. Alinyamaza kwenye mbolea, akasema sana kwenye vyoo, na tulipofika kwenye farasi akauliza, "Anaumwa nini?"

"Ana mkosi," alisema Mwenyekiti.

"Nimeuliza ugonjwa."

"Mkunga, yule mnyama amekwisha. Hata wewe ukimtazama utaona. Nywele zimebadilika, ngozi inatoka, tumbo limetuna."

Nilimwona Mkunga akiinua kichwa. Aliyarudia maneno yale midomoni bila sauti. Kisha akasema polepole, "Na huyu naye kabemendwa na nani?"

Mjumbe mmoja alikohoa.

"Nipeni yeye," alisema. "Mpaka maharage yavunwe. Akifa, amekufa. Akipona, hamumpigi."

"Usitumie maziwa ya watoto wa kliniki," Mwenyekiti alisema.

"Maziwa ya watoto ni ya watoto. Mkinileta hapa tena kwa maneno ya maziwa, Ndugu Mwenyekiti, nitasema mbele ya mkutano ni nani aliyekuja kuyaomba akatie kwenye chai."

Wakampa.

Hapo sharti nikumbushe kwamba mwanamke huyu aliogopa ng'ombe. Asubuhi iliyofuata nilimkuta amesimama nje ya banda, raba zake nyeupe zimezama kwenye matope, mkasi wa zahanati mkononi. "Anauma?" aliniuliza. Nikamwambia sijui. "Anapiga teke?" Nikamwambia kwa hali ile sidhani. Akavuta pumzi, akaingia, akapiga magoti karibu na kichwa cha yule mnyama. Akailowesha ile kamba kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, saa nzima, huku akizungumza naye kama anavyozungumza na mwanamke aliye kwenye uchungu. "Haya mama, bado kidogo. Haya, usinibane mkono." Farasi alikuwa dume, lakini hakuna aliyemsahihisha. Kamba ilipotoka ilitoka na kipande cha ngozi. Akapaka asali kwenye kidonda, asali nyeusi iliyotoka upande wa Mkwajuni, akafunika kwa kitambaa. Kisha akatoka nje, akatapika, akanawa, akaenda kufungua kliniki.

Alimfungulia kadi. Ndiyo, kadi ya kliniki, ile ile ya watoto. Penye jina aliandika "Farasi." Penye jina la mama akaandika "Kijiji." Akaitundika kwenye msumari karibu na mlango wa zahanati, mahali ambapo kila aliyeingia angeiona.

Chakula chake kilikuwa konzi moja ya majani mabichi yaliyokatwa, na pumba kidogo zilizoloweshwa kwa maji ya moto. Konzi moja tu, kisha baada ya muda konzi nyingine, mchana kutwa. Mimi niliona ni ubahili. Yule mnyama alikuwa akimfuata kwa macho kila alipoondoka, na macho yale yalikuwa yananisumbua, kwa sababu nyumbani kulikuwa na macho mengine ya aina hiyo. Siku ya nne, Mkunga alipokuwa kwenye Jumanne yake na akina mama, nilichota debe zima la mahindi ghalani, nikampelekea. Alikula kama mwenye wazimu. Nilijisikia mtu mwema.

Adhuhuri hiyo nilisikia kelele kutoka bandani. Farasi alikuwa amelala ubavu, tumbo limejaa kama ngoma, anakoroma, anajigonga kichwa chini. Mkunga alikuwa tayari amepiga magoti, anamkanda tumbo kwa matambara ya maji moto, jasho linamtoka.

"Nani kampa?" aliuliza bila kugeuka.

"Ni mimi, Mkunga."

Nilidhani atanitukana. Hakunitukana. "Shika hapa," alisema. "Kanda kuelekea huku. Kwa nguvu, si kama unapapasa kitambaa." Tulikanda mpaka jua likainama, na hatimaye tumbo likafunguka, kwa harufu ambayo sitaisahau na ambayo yeye aliipokea kwa kushangilia. Ndipo akakaa chini kwenye pumba.

"Ulimwonea huruma," alisema.

"Ndiyo."

"Huruma ya debe inaua. Tumbo lililosahau chakula linafundishwa upya, kama mtoto anavyofundishwa kutembea. Kidogo, tena kidogo, tena kidogo. Hata mtoto wa binadamu aliyekaa na njaa muda mrefu, ukimsukumia sahani nzima ya ugali unamzika. Kisha mnasema mizizi haikufungwa vizuri."

Nilirudi nyumbani nikamkuta mama yangu amemshika Atupele mapajani, anamsukumia ugali kwa kidole, mtoto anautema. "Hataki kula," mama alisema. "Huyu anatuaga." Nilimpokonya sahani. Sikuwa na ujasiri wa kusema kwa nini.

Wiki ya pili Mkunga alimwita fundi seremala. Fundi alikuja na msumeno mwembamba na tupa, akakataa kuingia mpaka Mkunga alipomwambia kwamba ukucha wa farasi haumjui mchawi. Walikata zile kwato polepole, kipande kwa kipande, naye Mkunga akashika kila mguu, yeye mwoga wa ng'ombe, ameukumbatia kifuani. Zilipokuwa fupi na bapa, aliwaomba akina mama wa kliniki wamshonee mkanda mpana wa magunia ya kahawa. Waliupitisha tumboni mwake, wakafunga kamba kwenye boriti, na akina mama kumi hivi wakavuta. Farasi akapanda juu, miguu ikining'inia, amewatazama kwa mshangao mkubwa hata wakashindwa kuvuta kwa kucheka. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku, asubuhi kidogo na mchana kidogo, ili miguu ikumbuke kazi yake. Akina mama walianza kuja kliniki mapema ili wawahi kuvuta. Kila Jumanne walimning'iniza kwenye mizani ya ghala la kahawa, na Mkunga akaweka nukta kwenye kadi.

Nukta zilianza kupanda.

Walizitazama. Hata wasiojua kusoma walijua kadi ya mtoto inasemaje, kwamba mstari ukishuka ni kilio. Nilisikia mazungumzo yao kupitia ukuta wangu. "Mbona hakufungwa mzizi?" mmoja aliuliza. "Hakufungwa chochote. Majani na pumba tu." Kisha mwingine, kwa sauti ya chini kabisa, "Na ngozi yake imerudi."

Siku aliyosimama mwenyewe ilikuwa siku ya kliniki. Walikuwa wamelegeza kamba ili kumshusha, na miguu haikukunjika. Mkunga akasema, "Mwacheni." Wakaachia. Alitetemeka magoti, akayumba, akaangusha ndoo. Kisha akatembea. Alitoka nje ya banda akiburuta magunia yake, akapita katikati ya akina mama, akaenda moja kwa moja kwenye bustani ya zahanati na kuanza kula mchicha. Akina mama walipiga vigelegele mpaka wanafunzi wakatoka madarasani na Mwenyekiti akaja mbio akidhani kuna moto. Mkunga hakupiga kigelegele. Alikuwa ameketi chini kwenye matope na raba zake nyeupe, analia kwa sauti, na huku analia anapiga kelele, "Mchicha! Mtoeni kwenye mchicha wangu!"

Mke wangu alikuwa amesimama kando ya kisima. Aliona yote. Alitua ndoo yake ikiwa haijajaa, akarudi nyumbani. Nilimfuata, kwa sababu niliuona uso wake.

Alikuwa chumba cha ndani, anamfunga Atupele mgongoni. Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono imeshika miimo.

"Unakwenda kututangaza?" mama alisema. "Watasema mwanangu ni malaya."

"Mama, nipishe," alisema mke wangu.

"Sikupishi."

Mke wangu hakuwa mtu wa kubishana na mkwewe. Alinigeukia mimi. Na mimi, niliyekuwa nimeandika mihtasari mizuri kwa miaka, niliyekuwa nikihutubia kujitegemea kila Jumatatu, nilijikuta nikisema, "Mlete."

Nilimchukua mtoto nikamfunga kifuani kwa khanga, mwenyewe, jambo ambalo mwanaume wa pale hakulifanya. Mama alinitazama, mikono ikashuka yenyewe. Nikatoka. Njia ya kutoka kwangu hadi zahanati ilipita mbele ya ofisi, mbele ya ghala, mbele ya watu wote waliokuwa bado wamekusanyika wakimtazama farasi. Walinyamaza mmoja mmoja nilivyopita. Miguu ya Atupele, iliyovimba inang'aa, ilikuwa inaning'inia nje ya khanga, na sikuifunika.

Mkunga alinyanyuka kutoka matopeni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi. Nilisubiri aseme kwamba nilimdanganya.

"Baba Atupele," alisema. Alikuwa hajawahi kuniita hivyo; siku zote nilikuwa Katibu. "Mlete ndani. Taratibu. Mama yake yuko wapi? Njoo mama, kaa hapa." Kisha akageuka kwa benchi zima, machozi bado yako mashavuni, akasema kwa sauti yake ya Jumanne, "Mmeona? Wa kwanza amekuja. Haya, nani mwingine ana mtoto Ileje?"

Wiki ile walikuja watoto watano. Wiki iliyofuata, tisa. Mmoja tulichelewa, na Mkunga alikwenda mazishini na kukaa na mama yake siku tatu bila kufungua zahanati. Waliobaki walipona. Uji wa ulezi wenye unga wa maharage na karanga, maziwa, kijiko, kisha baada ya muda kijiko. Atupele alicheka tena siku ya kumi na saba. Alikuwa amekaa mlangoni na farasi akaja kunusa kikombe chake, akakiangusha.

Bwana Nyama alifika miezi mitatu baada ya maharage kuvunwa. Alikuwa amekwama kwa kukosa dizeli. Alishuka na bunduki, akauliza mnyama wa kupigwa yuko wapi. Nilimwonyesha. Farasi alikuwa anapanda kutoka mtoni na vidumu viwili vya maji ya zahanati ubavuni, manyoya yanang'aa, watoto wanamfuata nyuma.

"Huyo?"

"Huyo."

"Ana tatizo gani?"

Mkunga alitoka na ile kadi, akamkabidhi, akamwambia atie sahihi kwamba amemwona mgonjwa. Bwana Nyama aliisoma mbele na nyuma. Kisha, mtu mwenye heshima zake, akaegemeza bunduki ukutani, akaandika chini kabisa: "Nimemwona. Mzima."

Mimi nilihamishiwa wilayani mwaka uliofuata, na kwa miaka mingi nilisimulia habari hii kwenye semina na mikutano. Siku zote niliisimulia kwa namna moja: kwamba Mkunga, kwa akili yake kubwa, alimchukua farasi ili awafundishe akina mama kitu ambacho hotuba hazikuweza kuwafundisha. Watu walipiga makofi.

Nilikutana naye tena Tunduma, miaka ile ambayo sabuni ilikuwa adimu kama dhahabu ya Saza. Nilikuwa nimekwenda kutafuta vipande viwili vitatu kwa wale waliovuka mpaka, nikiwa na Atupele, msichana mrefu wa darasa la tano mwenye mdomo wa bibi yake. Wanawake wauza sabuni walikuwa wakiwaita wateja kwa salamu ya Kibemba, "Muli shani, bamayo!" na katikati yao nikasikia sauti inamwambia mmoja wao kwamba mtoto aliyembeba anahitaji karanga. Nikajua.

Alikuwa amezeeka, ameshastaafu. Alinikumbatia. Alimgeuza Atupele mbele na nyuma kama mtu anayenunua kitenge, akamwambia amerefuka mno kwa darasa la tano. Nilimuuliza habari za farasi.

"Alikufa mwaka juzi. Nyuma ya zahanati, kivulini, mchana. Alikuwa mnene, alikuwa hata hawezi kupita mlangoni. Alikufa ameshiba, Baba Atupele. Wangapi watasema hivyo juu yetu?"

Nikamwambia jinsi ninavyoisimulia habari yake. Nilidhani atafurahi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akashika bega la yule muuza sabuni.

"Kuwafundisha? Mimi? Nilimwonea huruma tu yule mnyama, na nilikuwa namwogopa vibaya. Yale ya kubemenda yalinitoka mdomoni kwa hasira."

"Lakini ulijua kuhusu Atupele. Ulijua tumemficha."

Aliacha kucheka. "Sikujua. Uliniambia yuko Ileje, nikaamini. Ulikuwa Katibu." Akamtazama Atupele, aliyekuwa anabembeleza bei ya sabuni kwa ukali wa mtu mzima. "Ningejua ningevunja mlango. Nashukuru sikujua. Ulimleta mwenyewe, kwa miguu yako, mchana, watu wanaona. Wale wengine walikufuata wewe. Mimi na farasi tulikuwa tunakula mchicha."

Lori la msafirishaji mmoja wa Kiislamu kutoka Kondoa lilikuwa linapiga honi. Mkunga alikuwa anakwenda nalo hadi Mkwajuni, akanieleza. Kuna machimbo yamefunguliwa, wanawake wanajifungulia kwenye mahema, na mtu wa wilaya amemwomba akasaidie mwezi mmoja. Mwenye lori, kijana mwenye kofia, alishuka na kumfungulia mlango wa mbele, "Karibu, mama, kaa hapa kwangu," akamwondoa utingo aliyekuwa amekalia kiti hicho.

"Mwezi mmoja tu?" nilimuuliza, nikimpandishia mzigo wake. "Utarudi lini?"

Aliketi, akaweka mkoba mapajani, akaangalia mbele ya kioo kana kwamba anapima barabara.

"Wakimaliza kuzaa," alisema, na kumwambia dereva atie moto.